Maswali ya Wasomaji: Hili neno "dude" limetoka wapi jamani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, kwetu Tanga. Nina binamu yangu yuko Toronto, kila tukiongea kwenye simu lazima aseme "dude", kwa maana ya jamaa au rafiki, dude hivi dude vile, mpaka na mimi nshaanza kulitumia. Sasa babu kanisikia, akasema hilo ni neno letu, Wazungu walilichukua huku pwani enzi za biashara, manake sisi tunasema dude tangu zamani. Mimi nikabisha ila sina ushahidi. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na babu mfikishie salamu zangu, manake hoja yake si ya kupuuza hata kidogo. Wamarekani walikuwepo Zanzibar mapema sana, wafanyabiashara wa mji wa Salem kule Massachusetts walikuwa wanakuja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, Sayyid Said akawekeana nao mkataba mwaka 1833, na 1837 konseli wao Richard Waters akafika Unguja kukaa kabisa. Kitambaa chao cha pamba ndo kile tulichokiita merikani. Na maneno kweli yalisafiri, "safari" wenyewe Waingereza wamelichukua kwetu kwenye karne ya 19 na leo liko kwenye kila kamusi yao. Kwa hiyo babu akisema njia ilikuwepo, ilikuwepo kweli.

Lakini kwa "dude" hapana, na nakupa sababu ili ukarudi nazo nyumbani. Kwanza sisi dude letu ni kitu, tena mara nyingi kitu kikubwa au kitu ambacho jina lake hulijui, "dude gani hili limewekwa mlangoni", halina uhusiano na mtanashati, maana ya kwanza ya la kwao, wala rafiki, maana yake ya leo. Pili matamshi, sisi tunasema du-de silabi mbili, wao wanasema duud, ile e ya mwisho kwao ni ya kuandika tu haina sauti. Na tatu, hii ndo kubwa, la kwao tunajua lilipozukia, mji gani na mwaka gani, na kwa maneno ya mtaani hiyo ni bahati sana kwa sababu mengi yanazaliwa mdomoni na hakuna anayeandika.

Mji ni New York, mwaka ni 1883. Januari ya mwaka huo gazeti la New York World lilitoa shairi la mtu anaitwa Robert Sale Hill, shairi la kuwacheka vijana fulani wa mjini waliokuwa wanajifanya Waingereza kuliko Waingereza wenyewe, suruali za kubana, viatu vya ncha kali, kola ndefu mpaka shingo haigeuki, bakora mkononi, sigara, na lafudhi ya kuigiza. Hao ndo akawaita dude. Basi neno likashika moto, ndani ya wiki chache magazeti mengine yakawa yanaliandika na kubishana hata linaandikwaje, wengine d-u-d-e wengine d-o-o-d, wachoraji wa vibonzo nao wakaingia, kufika katikati ya mwaka nchi nzima inalijua. Ilikuwa ni kejeli tupu. Ukimwita mtu dude mwaka 1883 umemwambia wewe ni sharobaro, nguo nyingi kichwani hamna kitu.

Na kumbuka ni kipindi gani. Mwaka mmoja nyuma yake, 1882, mwandishi Oscar Wilde alikuwa anazunguka Marekani nzima akihutubia watu juu ya uzuri na sanaa na namna ya kupamba nyumba, mwenyewe kavaa suruali fupi za magotini na soksi za hariri, kwa hiyo Wamarekani walikuwa tayari wana mjadala mkali kuhusu mwanaume anayejipamba, ni ustaarabu au ni upuuzi. Hata rais wao wa wakati huo Chester Arthur, aliyekaa madarakani 1881 hadi 1885, alikuwa anapenda kuvaa mno na wakamtania kwamba ni rais dude. Kulikuwa na mwingine pale New York, Evander Berry Wall, tajiri mwenye makabati ya nguo yasiyohesabika, magazeti yakampa kabisa cheo cha mfalme wa ma-dude, na inasimuliwa kwamba siku moja kule Saratoga alibadilisha nguo mara 40 kutoka asubuhi mpaka usiku kwa sababu ya kuwekeana dau.

Sasa swali lako la asili yenyewe, kabla ya hilo shairi neno lilitoka wapi. Hapo wataalamu wamevutana kwa zaidi ya miaka 100. Wako waliosema limetokana na "duds", neno la zamani la Kiingereza la nguo, hasa nguo kuukuu, na zamani walikuwa nalo jina linalofanana na hilo la yule mtu wa matambara anayesimamishwa shambani kutisha ndege. Wengine wakasema ni Kijerumani cha kaskazini ambako kuna neno linaloanza na dude lenye maana ya mtu mzito wa akili. Yote yanasikika vizuri ukiyasoma juujuu, ila kufanana kwa sauti ni ushahidi dhaifu sana, ndo maana hata dude letu linafanana.

Jibu ambalo mimi naliamini, na wengi wa fani hii siku hizi wanalikubali, limetoka kwa watu wawili, Barry Popik na profesa Gerald Cohen wa Missouri. Huyu Popik nampenda sana kazi yake, mtu huyu hakuwa profesa, alikuwa anasikiliza kesi za tiketi za maegesho ya magari jijini New York, na muda wake mwingine wote anautumia kupekua magazeti ya zamani ukurasa kwa ukurasa kutafuta neno limeonekana mara ya kwanza wapi. Wao wanasema dude ni kifupisho cha "doodle", lile la kwenye wimbo wa Yankee Doodle. Doodle kwa Kiingereza cha karne ya 17 na 18 ni mjinga, mtu wa hovyo. Wanajeshi wa Uingereza walikuwa wanauimba ule wimbo kuwacheka Wamarekani washamba, na kwenye wimbo huyo doodle anachomeka nyoya kwenye kofia halafu anajiona macaroni. Hapo usifikirie chakula, macaroni lilikuwa jina la masharobaro wa London wa miaka ya 1760 na 1770 waliokuwa wanarudi kutoka Italia na mitindo ya ajabu ya nywele na makoti. Kwa hiyo unaona, mjinga anayejidhania mtanashati, na hicho hicho ndo kile shairi la 1883 lilikuwa linakicheka. Kata kipande cha mwisho cha doodle unabaki na dood.

Na Wamarekani ule wimbo wa kuchekwa waliuchukua wenyewe wakati wa vita vya uhuru wakaanza kuuimba kwa kujivuna. Mwambie babu kwamba kwenye merikani kashinda, kwenye safari kashinda, hili moja tu ndo si letu.

SWALI: Assalam aleikum mwalimu. Nimetumiwa kwenye grupu la WhatsApp kwamba dude maana yake halisi ni unywele ulioota usaha makalioni kwa tembo, na wengine wanasema ni wa ngamia, kwa hiyo watu waache kuitana hivyo. Ni kweli? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Si kweli, hata chembe. Hiyo stori imezunguka shule za Marekani kwa miaka mingi, mara tembo mara ngamia mara farasi, na huko kubadilika kwa mnyama peke yake kungetosha kukutia shaka. Hakuna kamusi yoyote ya zamani, ya madaktari wa mifugo wala ya wafugaji, yenye maana hiyo. Watoto walitunga ili waweze kumcheka mwenzao anayeitwa dude, ikaenda hivyo mdomo kwa mdomo, sasa imefika kwenye simu zetu. Usiisambaze, na aliyekutumia mrudishie jibu nililompa huyo wa Tanga hapo juu.

SWALI: Mambo vipi mwalimu, mimi naishi Minneapolis, nafanya kazi kwenye ghala. Wenzangu kazini wananialika twende likizo Wyoming kwenye kitu wanakiita "dude ranch". Nikauliza dude ranch ndo nini, wakacheka tu wakasema utaona. Naogopa isije kuwa mahali pa wanaume peke yao au pa mambo ya ajabu. – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Poa kabisa kaka, nenda na usiwe na wasiwasi, hapo ni shamba la ng'ombe na farasi linalopokea wageni wa kulipia, familia nzima wanaenda, wake kwa waume na watoto. Unalala kwenye kibanda cha mbao, asubuhi mnapanda farasi, jioni mnakula nyama pamoja na wenye shamba.

Jina lake limetokana na hao hao ma-dude wa New York. Neno lilipotoka mjini likapanda treni kwenda magharibi, na kule wachunga ng'ombe wakalipa maana yao, dude akawa mtu yeyote wa mjini kutoka mashariki, kaja na buti mpya zinang'aa, hajui kumfunga farasi tandiko na anauliza maswali. Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuja kuwa rais, alikwenda eneo la Dakota mwaka 1883 kuwinda nyati, kavaa miwani na nguo za bei mbaya, na wenyeji wakamwona ni dude wa kutupwa, mpaka alipokaa nao na kufanya kazi ngumu ya ng'ombe ndo wakamheshimu. Karibu na hapo hapo, jirani na mji mdogo wa Medora, palikuwa na ndugu watatu wa ukoo wa Eaton waliotoka Pittsburgh. Hawa walikuwa wakarimu, rafiki zao wa mjini wakawa wanakuja kutembea wanakaa wiki, wanakaa miezi, wanakula bure, mwishowe wageni wenyewe wakaona haya wakasema tutalipa. Hiyo ilikuwa miaka ya 1880 mwanzoni, na ndo biashara ikaanzia hapo. Mwaka 1904 Waeaton wakahamia Wolf, Wyoming, na shamba lao lipo mpaka leo, huko huko Wyoming unakoenda. Kufika 1926 wenye mashamba ya namna hii walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao kule Montana.

Kilichonivutia mimi ni kwamba kwenye hiyo biashara neno lilipoteza sumu yake. Mwenye shamba akisema wiki hii nina ma-dude 20 hamtukani mtu, anahesabu wageni wake. Bei ya ng'ombe ikianguka au majira ya baridi yakiua mifugo, na ya 1886 kuingia 1887 yaliua ng'ombe wengi mno kule, ni hela za hao hao ma-dude zilizowasaidia baadhi ya wenye mashamba kubaki na ardhi yao, kwa hiyo nani atamcheka tena. Wewe beba buti zenye kisigino, koti zito manake usiku milimani ni baridi hata kiangazi, na waambie mapema kwamba hujawahi kupanda farasi, watakupa mpole.

SWALI: Habari mwalimu, mimi ni mama niko Nairobi. Kijana wangu ako form two. Siku hizi nikimwambia kitu ananijibu "dude, relax" ama "duuude" hivyo akivuta. Mimi nilimchapia kelele nikamwambia mimi si rika yako. Bwanangu anasema ni lugha ya vijana niachane nayo, eti hata hajamaanisha vibaya. Ni matusi ama si matusi? – Mama kijana, Nairobi

JIBU: Salama mama, pole na hongera kwa kulea. Matusi si matusi, ila na wewe hujakosea kuhisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, nikueleze kwa nini.

Safari ya hili neno haikuishia kwa farasi. Wamarekani weusi walilichukua wakalifanya maana yake mwanaume yeyote tu, jamaa, na kwenye miaka ya 1930 na 1940 likawa linasikika sana kwa vijana weusi na vijana wa Kimeksiko kule kusini magharibi, hasa wale wa suti pana za "zoot", makoti marefu na suruali zilizojaa upepo. Tena tunarudi kwenye nguo, ona, ila safari hii wanaovaa ni maskini na wanavaa kwa kujithamini kwenye nchi iliyokuwa inawadharau, na kwa sababu ya nguo hizo hizo wanajeshi waliwapiga na kuwavua barabarani Los Angeles mwezi Juni 1943. Mimi sehemu hii naona ndo moyo wa hadithi nzima na inasahaulika mno, watu wanadhani dude ni neno la vijana weupe wa ufukweni, kumbe hao walilipata baadaye. Wacheza mawimbi wa California, wale wanaoteleza baharini kwa ubao, walilidaka miaka ya 1960, filamu za Hollywood za miaka ya 80 zikalisambaza dunia nzima, na ndo likafika kwa kijana wako, ambaye pengine hata hajui kwamba ametumia neno lililopita mikono ya watu wote hao.

Sasa kuhusu heshima. Kuna mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Scott Kiesling, alikaa akafanya utafiti wa neno hili moja tu na akauchapisha mwaka 2004. Wanafunzi wake aliwaambia kila mmoja aandike mara 20 za kwanza atakazolisikia ndani ya siku 3, nani kasema, kamwambia nani, na kwa sababu gani. Akakuta kwamba wanaolitumia zaidi ni vijana wa kiume kwa rafiki zao wa kiume, halafu wasichana kwa wasichana, ila kwa wapenzi, kwa wazazi, kwa bosi, linapungua kabisa. Maelezo yake mimi nimeyaelewa hivi, dude linamwambia mwenzako tuko pamoja, mimi na wewe sawa, lakini tusiende mbali sana na mapenzi, yaani ukaribu wenye nafasi katikati. Vijana wa kiume wanalihitaji sana kwa sababu wanataka urafiki na wanaogopa kuonekana laini. Na hata ugomvi linapooza, ukimkosoa mtu ukatia dude mbele yake linampunguzia makali, hiyo "dude, relax" ya kijana wako imetoka hapo hapo.

Halafu sauti. Neno ni moja ila ukilivuta "duuude" likashuka ni masikitiko au ni kustaajabu, ukilikata kwa ukali ni onyo, ukilipandisha mwisho ni swali, unaweza kusikia mazungumzo ya neno hilo tu na watu wameelewana. Sisi hili hatuhitaji kufundishwa mama, si tunalo "bwana"? Bwana lilikuwa la mtu mkubwa, mwenye mamlaka, mpaka leo kanisani tunamwita Mungu hivyo na wewe mume wako ni bwanako, lakini msichana anamwambia msichana mwenzake "acha bana!" na hakuna anayeshtuka. "Njoo bwana" ni kubembeleza, "ah, bwana!" ni kuchoka. Lilianzia juu likashuka mpaka kwa kila mtu, la kwao lilianzia kwenye kejeli likapanda, yakakutana njiani.

Kwa hiyo bwanako anasema kweli kwamba mtoto hakumaanisha vibaya, na wewe unasema kweli kwamba neno linasema mimi na wewe ni sawa, na mama na mtoto hawako sawa, hata hao Wamarekani wenyewe wengi hawawaiti mama zao hivyo. Usimchape, usimpigie kelele. Mwambie wewe kwa marafiki zako sema utakavyo, kwangu mimi ni mum au mama. Na kama siku amekasirika au ana jambo zito linamsumbua likamtoka "dude" katikati ya kukueleza, liache lipite umsikilize kwanza.

SWALI: Mwalimu mambo. Msichana anaweza kuitwa dude au ni kosa? Na kingine, huku Dar msanii akitoa wimbo mkali watu wanasema "kaachia dude", hilo ni la Kiingereza au letu? – Msomaji wa kike, Dar es Salaam

JIBU: Poa dada. Anaweza, siku hizi wasichana wanaitana hivyo wenyewe kwa wenyewe na hata mvulana akiwa anaongea na kundi lenye mchanganyiko atasema dude bila kuangalia nani ni nani, ingawa ukisema "yule dude" bila kumtaja, wengi watajua unamwongelea mwanaume. Zamani walijaribu kumtungia mwanamke jina lake, "dudine" lilitokea mapema tu kwenye magazeti ya miaka ya 1880, na kule kwenye mashamba ya Wyoming wageni wa kike waliitwa hivyo kwa muda mrefu, baadaye likaja "dudette" la ufukweni California. Yote mawili yamefifia. Kama hupendi kuitwa hivyo mwambie tu mtu, una haki.

La wimbo ni letu, hilo ni dude la du-de, kitu kizito kimeshuka. Ukitaka uhakika sikiliza watu wanavyolipatanisha na maneno mengine kwenye sentensi, dude hilo limekubali, madude yake yanapigwa kila kona, wakati dude la Kiingereza akishaingia kwenye Kiswahili chetu anapatanishwa kama mtu, huyo dude amekuja.